Pampu ya Ombwe katika Msitu wa Mepo: Jinsi ya Kuichagua

Mepo ni mti wa nchi za baridi ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965, na aina yake iitwayo mepo ya sukari hustawi katika misitu ya Quebec na Ontario nchini Kanada, na pia katika majimbo ya Vermont, New York na Maine nchini Marekani. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili, wakati usiku ungali unagandisha maji na mchana jua limekwisha kuanza kuyeyusha theluji, wakulima wa huko hutoboa tundu dogo katika shina la mti huo, hukinga utomvu wake usio na rangi, kisha huuchemsha mpaka ugeuke shira nzito ya rangi ya kahawia. Utomvu huo huwa na sukari ya takriban asilimia 2 tu, ilhali shira iliyoiva huwa na sukari ya asilimia 66 au zaidi kidogo, hivyo kila lita moja ya shira hudai lita 40 hivi za utomvu. Kwa kuwa msimu wenyewe haufiki hata miezi miwili, mkulima ambaye mavuno yake ni haba wakati huo hana namna ya kuyafidia hadi mwaka mwingine.

Wenyeji wa asili wa maeneo hayo, wakiwamo Waabenaki, Wahaudenosaunee na Waanishinaabe, walijua kutengeneza sukari ya mepo kabla ya Wazungu kufika, na kwa karne nyingi kazi ilikuwa ni kukinga chombo chini ya kila tundu na kukimwaga kwa mkono. Mnamo mwaka 1959 Nelson Griggs wa Vermont alipata hataza ya mfumo wa mipira ya plastiki unaounganisha mti na mti na kuteremsha utomvu hadi kwenye tangi, na mfumo huo ndio uliofungua njia ya kutumia pampu. Wasomaji wenye ndugu katika mji wa Burlington, ambako wapo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, huenda wamekwisha kuona picha za mipira ya buluu iliyotandazwa kutoka shina hadi shina katika misitu ya karibu. Mwisho wa mipira hiyo, ndani ya kibanda, mara nyingi ipo pampu inayonguruma mchana kutwa.

Ili kuelewa kazi ya pampu hiyo, lazima kwanza ieleweke kwa nini mti wenyewe hutoa utomvu. Mgema wa mnazi katika pwani ya Afrika Mashariki hukata ncha ya kole, na tembo hutiririka kwa kuwa mnazi unapeleka sukari kwenye maua yake. Mepo hutoa utomvu kwa sababu nyingine kabisa, kwani katika miezi hiyo hauna hata jani moja. Usiku wa baridi kali gesi iliyomo ndani ya nyuzi za mbao husinyaa, barafu hujijenga, na mti hufyonza maji kutoka mizizini. Kunapopambazuka na joto kupanda juu ya nyuzi sifuri, barafu huyeyuka, gesi hutanuka, na mgandamizo ndani ya shina hupita mgandamizo wa hewa ya nje. Tundu likitobolewa, utomvu husukumwa nje mpaka migandamizo hiyo miwili ilingane, kisha hukoma.

Hapo ndipo pampu inapoingia, na hapo pia ndipo panapozuka dhana isiyo sahihi kwamba pampu huunyonya mti. Kinachotokea ni kwamba pampu huondoa hewa iliyomo ndani ya mipira na kuacha hali ya upungufu wa hewa, ambayo ndiyo huitwa ombwe. Mgandamizo wa nje ya tundu unaposhuka, tofauti kati yake na mgandamizo wa ndani ya shina huongezeka, na utomvu huendelea kutoka hata katika saa ambazo mti peke yake ungekuwa umekwisha kunyamaza. Pampu hushughulika na hewa, wala si na utomvu, na mnunuzi anayelishika jambo hilo moja ataepuka makosa mengi ya dukani.

Huko Marekani na Kanada ombwe hupimwa kwa inchi za zebaki, kipimo ambacho kwacho hewa ya kawaida usawa wa bahari hulingana na inchi 30 hivi, na kiwango hicho hupungua kwa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda mlimani. Geji ikionyesha sifuri, hewa imo yote. Ikionyesha 15, nusu ya hewa imeondolewa. Ikionyesha 27, imebaki sehemu moja kati ya kumi. Utafiti uliofanywa Vermont na kwingineko, hasa katika Kituo cha Utafiti wa Mepo cha Proctor kilichoanzishwa na Chuo Kikuu cha Vermont huko Underhill mwaka 1946, umeonyesha kwamba kila inchi moja ya ombwe inayofika kwenye tundu huongeza mavuno ya utomvu kwa takriban asilimia 5 hadi 7. Mkulima anayetoka inchi 15 hadi 25 anaweza kwa hiyo kuongeza mavuno yake kwa nusu nzima au zaidi bila kutoboa mti hata mmoja zaidi, na kwa sababu hiyo wengi hawatosheki tena na ombwe dogo lililowatosha wazee wao.

Lakini kadiri ombwe linavyozidi, ndivyo kila tundu la kuvuja linavyozidi kuwa ghali. Hewa inayopenya kwenye kiungio kilicholegea hutanuka mara tu inapoingia mahali penye mgandamizo mdogo: kwenye ombwe la inchi 15 ujazo wake huwa mara mbili, kwenye inchi 20 huwa mara tatu, kwenye inchi 25 mara sita, na kwenye inchi 27 mara kumi. Lita moja ya hewa iliyoingia msituni hufika kwenye pampu ikiwa lita kumi, na pampu inapaswa kuzitoa zote kumi ili geji isishuke. Hii ndiyo sababu kipimo cha nguvu za farasi za mota, ambacho wauzaji hupenda kukitanguliza, hakimwambii mnunuzi jambo la maana. Hata kiwango cha hewa ambacho pampu hutoa ikiwa wazi, bila kufungwa kwenye bomba lolote, hakitoshi. Linalopaswa kuulizwa ni pampu hutoa hewa kiasi gani kwa dakika ikiwa imekwisha kufikia ombwe litakalotumika, na jibu lake hupatikana katika mchoro wa utendaji ambao kila mtengenezaji anayejiheshimu huutoa pamoja na pampu yake. Zipo pampu ambazo kwenye inchi 15 zinafanana kabisa, ilhali kwenye inchi 25 moja ingali ina pumzi na nyingine imekwisha kabisa.

Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wakulima ni futi moja ya ujazo wa hewa kwa dakika, yaani lita 28 hivi, kwa kila matundu 100. Msitu wenye matundu 1,000 utahitaji basi pampu ya lita 280 kwa dakika, na akiba juu yake kwa ajili ya kuvuja na kwa ajili ya chombo cha kupokelea utomvu, ambacho hukaa kati ya bomba kuu na pampu na kuutoa utomvu kwenda tangini bila kuruhusu hewa irudi ndani. Kanuni hiyo huchukulia kwamba mipira ni mizima. Kwenye msitu wenye mipira ya zamani na viungio vilivyochakaa haisaidii kitu, na mkulima anayeongeza pampu ya pili ili kuifunika hali hiyo hulipia umeme wa kusukuma hewa ya bure msimu baada ya msimu.

Hewa hiyo huingilia wapi? Mara nyingi ni kindi, ambaye hutafuna mpira na kuacha alama mbili ndogo za meno ambazo jicho la haraka halizioni. Fundi anayezungukia msitu huinama kwenye mpira, ambao plastiki yake hupenyeza mwanga, na kutazama viputo vilivyomo ndani ya utomvu: vikisogea polepole pamoja na maji, mambo ni salama, vikikimbia mbio kuelekea bomba kuu, basi hewa inaingia mahali fulani juu yake, naye huufuata mpira huo mti kwa mti, akitega sikio asikie mlio mwembamba wa hewa inayofyonzwa. Geji ya kibandani haiwezi kumfanyia kazi hiyo. Inaweza kusoma inchi 26 wakati mti wa mwisho unapata 18 tu, ama kwa sababu ya uvujaji, ama kwa sababu bomba kuu ni jembamba mno kiasi kwamba hewa na utomvu vinagombania njia, na hapo pampu kubwa zaidi haitabadilisha kitu. Geji ya maana ni ile inayofungwa mwisho kabisa wa mpira wa mbali, na ingefaa inunuliwe kabla ya pampu.

Kuhusu aina za pampu, ya kale zaidi katika kazi hii ni ile ya vibao vinavyozunguka, ambayo wakulima wengi waliirithi kutoka kwenye mashine za kukamulia ng'ombe. Ndani yake gurudumu lililowekwa upande mmoja wa chumba cha mviringo huzunguka likiwa na vibao vinavyoteleza kuingia na kutoka, vikiikokota hewa kuelekea mlango wa kutokea, huku oili ikilainisha na kuziba nyufa. Ni ya bei nafuu na kila fundi anaijua, ila zile za maziwa ziliundwa kwa ajili ya ombwe la inchi 15 hivi, na zikilazimishwa kupanda zaidi kwa saa nyingi huchemka na kujila. Adui yake mkubwa ni unyevu: matone ya utomvu yakipita mtego wa maji, oili inayoonekana kwenye kioo cha kupimia hugeuka nyeupe kama maziwa, na kuanzia hapo kutu imekwisha kuingia.

Pampu ya pete ya maji haina hofu hiyo, kwa kuwa yenyewe hufanya kazi kwa maji. Gurudumu lake huyatupa maji ukutani hadi yawe pete, na nafasi zinazobaki kati ya pete hiyo na mapanga hupanuka na kusinyaa, zikiingiza hewa na kuitoa. Haina vyuma vinavyosuguana, hivyo hudumu. Lakini maji yake hupata joto, na maji yenye joto hutoa mvuke unaojaza nafasi iliyopaswa kujazwa na hewa ya msituni. Maji yakifika nyuzi 40, mvuke wake peke yake hunyang'anya zaidi ya inchi 2 za ombwe. Pampu hii hudai tangi la kupoza, na usiku wa baridi hudai pia kumwagwa maji, la sivyo barafu itapasua gamba lake. Wapo wanaotumia oili badala ya maji ili kuepuka barafu, na hao hufunga rejeta ya kuipoza.

Pampu ya kucha ni ya kisasa zaidi: rota mbili zenye umbo la kucha huzunguka zikikaribiana bila kugusana, pasipo oili wala maji ndani ya chumba, na hutoa hewa nyingi kwa umeme kidogo. Bei yake ni kubwa, nayo haisamehe hata kidogo utomvu ukiingia, kwa maana sukari inayokauka katika mwanya mwembamba kiasi hicho huzikamatisha rota. Kwa mwenye miti michache tu, pampu ndogo ya kiwambo inayotumia betri inatosha, na kwa kuwa baadhi yake, tofauti na pampu zile nyingine, hupitisha utomvu wenyewe, hazihitaji hata chombo cha kupokelea.

Suala la umeme huamua mengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu pampu nyingi kubwa hutaka umeme wa fezi tatu ambao haufiki kila shamba. Kifaa cha kubadili mwendo wa mota hutatua tatizo hilo, na wakati huohuo huiwezesha pampu kupunguza kasi mipira inapokuwa mizima na kuiongeza kindi anapofanya kazi yake. Swichi inayoiwasha pampu yenyewe joto linapovuka nyuzi sifuri nayo si anasa. Mti unapoanza kuganda jioni hufyonza badala ya kusukuma, na pampu ikiwa imezimwa mapema mno, utomvu uliobaki ndani ya mpira hurudi kwenye tundu pamoja na bakteria wake, tundu huanza kuzibika, na mavuno ya wiki zinazofuata hupungua. Kwa hiyo wakulima wengi huiacha pampu ikiendelea kufanya kazi jioni hadi mipira yenyewe igande, na huweka akiba ya mkanda wa mota kibandani, kwani mkanda unaokatika saa mbili usiku mwezi Machi hausubiri duka kufunguliwa.