Mnada wa Korosho kwa Kompyuta: Mnunuzi Huwaza Nini, na Mkulima Afanye Nini

Korosho ni zao la kungoja. Mkulima hupalilia, hupulizia salfa ili kuzuia ubwiri unga, huokota, huanika na huchambua. Kazi hiyo huchukua karibu mwaka mzima, lakini bei yake huamuliwa kwa muda mfupi sana siku ya mnada. Kwa hiyo yafaa kila mkulima wa Lindi, Mtama, Kilwa, Ruangwa, Nachingwea na Liwale aelewe mambo yanayopita katika muda ule mfupi.

Tangu msimu wa 2024/25 korosho zetu huuzwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake, TMX. Mnada wa kwanza wa korosho kwa njia hiyo ulifanywa mwezi wa Oktoba 2024 katika eneo la chama kikuu cha TANECU, yaani Newala na Tandahimba. Siku ile bei ya juu ilikuwa Sh. 4,120 kwa kilo, na bei ya chini Sh. 4,035.

Tofauti ya Sh. 85 yaonekana ndogo. Lakini mwenye magunia kumi ya kilo 80 ana kilo 800, na kwake tofauti hiyo ni Sh. 68,000. Hizo ni fedha za sare na madaftari ya watoto. Je, kwa nini mmoja apate bei ya juu na mwingine bei ya chini, na korosho zote ni za kusini?

Sanduku la Zamani na Kioo cha Sasa

Zamani mnunuzi aliandika bei yake katika karatasi, akaitia ndani ya bahasha, na bahasha ikatiwa sandukuni. Siku ya mnada sanduku lilifunguliwa mbele ya wakulima na bei zikasomwa kwa sauti. Siku hizi mnunuzi aliyesajiliwa huingiza bei yake kwa kompyuta, hata akiwa Dar es Salaam au mbali zaidi, na wakulima huonyeshwa matokeo katika kioo kikubwa. Jambo moja halikubadilika: wakulima ndio wanaosema kama wamekubali au wamekataa.

Wako wanaodhani kwamba kompyuta ndiyo inayopanga bei. Sivyo. Kompyuta hukusanya bei za wanunuzi na kuzipanga kwa mfuatano. Ikiwa wanunuzi ni wachache au wana mashaka na mali, itaonyesha bei ndogo. Ikiwa ni wengi na mali ni safi, itaonyesha bei nzuri. Basi anayetaka kujua bei inatoka wapi na aangalie kichwani mwa mnunuzi.

Hesabu za Mnunuzi

Tuseme mnunuzi amepiga hesabu na kuona kwamba korosho zenu zikifika kiwandani haziwezi kumpa hasara mpaka azinunue kwa zaidi ya Sh. 4,000 kwa kilo. Je, ataandika Sh. 4,000? Hapana, maana hapo hana faida hata senti. Atajiuliza kwanza, “Wenzangu wataandika ngapi?” Akijua kwamba washindani wake ni wawili tu, pengine ataandika Sh. 3,600. Akijua kwamba ni kumi na watano, ataogopa kupitwa, naye ataandika Sh. 3,900 au zaidi. Mali ni ile ile, na mnunuzi ni yule yule. Kilichopandisha bei ni hofu yake ya kupitwa. Hii ndiyo faida kubwa ya mnada wa mtandao: mnunuzi hahitaji kusafiri mpaka Liwale ili atie bei, kwa hiyo wengi zaidi waweza kushindana.

Lakini mnunuzi anayo hofu nyingine, nayo ni ya kushinda kwa hasara. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa Marekani waliandika juu ya makampuni yaliyoshindania maeneo ya kuchimba mafuta baharini. Walieleza kwamba anayeshinda mnada mara nyingi ndiye aliyekosea hesabu kwa kuikadiria mali juu kuliko wenzake wote. Mnunuzi mwenye akili hulijua jambo hili, na kila anapoona mashaka katika mali hupunguza bei ili ajikinge.

Basi hapa mkulima ana nguvu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 palizuka malalamiko kutoka Vietnam kwamba katika magunia ya korosho za Tanzania mlikutwa kokoto. Aliyetia kokoto alidhani anaongeza uzito wa gunia lake. Kumbe alipunguza bei ya magunia ya watu wote, kwa sababu mnunuzi aliyekuta kokoto mara moja hukata fedha ya kokoto hata katika gunia lisilokuwa nazo.

Hila Zinazofaa Kujulikana

Hila ya kwanza ni kungojea dakika ya mwisho. Jambo hili limechunguzwa sana katika eBay, soko la mnada wa mtandao lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Mwaka 2002 mabingwa wawili wa uchumi, Alvin Roth na Axel Ockenfels, walionyesha kwamba pale mnada unapofungwa saa maalumu bila kuongezwa muda, wanunuzi wengi hukaa kimya na kutia bei zao mwishoni kabisa, ili washindani wasipate nafasi ya kujibu. Pale muda unapoongezwa kila bei mpya inapotiwa, hila hiyo hupungua nguvu. Kwa hiyo ni haki yenu kuwauliza viongozi wa chama: Mnada unafungwa vipi? Je, mnunuzi aweza kuongeza bei yake baada ya kuona za wenzake?

Hila ya pili ni wanunuzi kupatana. Hukubaliana kwa siri kwamba huyu achukue ghala hili na yule achukue lile, kila mmoja kwa bei ndogo. Wengi hudhani kwamba kuonyesha kila kitu waziwazi huzuia mapatano hayo. Pengine huyasaidia! Bei zikionekana wakati mnada unaendelea, waliopatana humwona mara moja mwenzao aliyevunja mapatano. Bei zikifichwa mpaka mwisho, mmoja wao aweza kuwazunguka wenzake kimya kimya, na mkulima akafaidika. Dalili ya kuangalia ni hii: bei za wanunuzi wengi zikifanana sana, mnada baada ya mnada, yafaa viongozi waulize sababu.

Hila ya tatu ni kungoja majira. Korosho zetu huingia sokoni kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi. India na Vietnam huvuna zao kuanzia Februari, na kadhalika nchi za Afrika ya Magharibi kama Ivory Coast. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba na Novemba viwanda vya India na Vietnam vina njaa ya korosho, na sisi pamoja na Msumbiji tuna mali mpya wakati wengine hawana. Kadiri Januari inavyokwisha, mnunuzi hupata pa kukimbilia. Na ikiwa mvua zimeshika, korosho zilizochelewa huwa nyevu na hushuka daraja.

Kukataa Bei Kuna Gharama

Wakulima wana haki ya kukataa bei, na haki hiyo ni silaha. Lakini silaha hukata pande zote mbili.

Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa kusini walikataa bei za minada ya kwanza. Zilikuwa chini ya Sh. 3,000, na wengi walikumbuka bei nzuri za msimu uliotangulia. Mwezi wa Novemba Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilipanda, lakini wakulima wengi walingojea malipo yao mpaka mwaka uliofuata.

Wenzetu wa Kenya waliona jambo linalofanana na hilo. Mnada wa chai wa Mombasa ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mwaka 2020 ukaingia katika kompyuta. Mwezi wa Julai 2021 chai ya wakulima wadogo iliwekewa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, lakini chai nyingi ilikosa mnunuzi ikalundikana maghalani. Bei ya kuandikwa haimlazimishi mtu kununua.

Wala mnada hauwezi kuponya soko lenye mnunuzi mmoja. Wakulima wa mbaazi wanajua. Mwezi wa Agosti 2017 India ilipoweka mpaka wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei huku kwetu ilianguka vibaya, maana karibu mbaazi zetu zote zilikuwa za kwenda huko.

Basi kabla ya kuinua mkono kukataa, pigeni hesabu. Tuseme bei ya leo ni Sh. 3,500, na mnatumaini Sh. 3,600 baada ya wiki mbili. Je, ghala litadai kiasi gani kwa wiki hizo? Korosho zitapungua uzito kiasi gani? Wangapi wana mkopo, au mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada? Ikiwa gharama hizo zinafika Sh. 100 kwa kilo, kungoja hakuna faida hata kama tumaini lenu ni la kweli.

Mambo ya Kufanya

1. Anika korosho mpaka zikauke vizuri, na uchambue mbovu na takataka kabla ya kwenda ghalani. Mnunuzi hupima ratli za kiini zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na bei yake hutoka hapo.

2. Usimwuzie mtu wa kangomba. Yeye hununua nje ya ghala kwa kipimo chake mwenyewe, na wewe unakuwa mnada wenye mnunuzi mmoja.

3. Hudhuria mnada, au mtume mtu mnayemwamini aandike bei zote, si ile ya juu peke yake. Uliza idadi ya wanunuzi waliotia bei.

4. Chagueni kamati ndogo ya kupiga hesabu ya bei ya kukataa kabla ya siku ya mnada. Hesabu zinazofanywa katikati ya kelele mara nyingi huharibika.

5. Mtandao ukikatika katikati ya mnada, dai maelezo pale pale, na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

6. Kumbuka kwamba bei ya mnada siyo fedha ya mkononi. Kuna makato ya halmashauri, ya ghala na ya ushirika. Dai kuonyeshwa kila kato kwa maandishi, na utunze stakabadhi yako.

Jambo hili la sita lisidharauliwe. Mwezi wa Aprili 2013 nyumba zilichomwa moto Liwale, wakulima walipoambiwa kwamba malipo yao ya pili yamepungua kuliko walivyotarajia. Mkulima aweza kuvumilia bei ndogo akijua sababu yake. Asiloweza kuvumilia ni kutangaziwa fedha hizi leo na kupewa fedha zile kesho, bila maelezo.

Mwenye swali juu ya daraja la korosho zake amwone Bwana Shamba wa kata yake. Mwenye swali juu ya makato au malipo na aanze kwa katibu wa chama chake cha msingi, na asipojibiwa amwendee Afisa Ushirika wa wilaya. Akienda achukue stakabadhi, kwani neno la mdomo halipimwi kwa mizani.