Macho ya vifaranga: Kagua banda kabla ya kununua dawa

Wafugaji wengi wa Kivukoni na vijiji vingine vya bonde la Kilombero wakiona vifaranga wamefumba macho na kutoa tongotongo, hukimbilia duka la dawa. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu chanzo kimebaki bandani.

Inama hadi usawa wa vifaranga unuse. Macho yakikuwasha, hiyo ni amonia itokanayo na kinyesi kilicholowa, hasa wakati wa masika. Ondoa matandazo yote, weka makapi makavu ya mpunga kutoka mashine za kukoboa, na uache hewa ipite juu ya vifaranga bila kuwapiga baridi.

Chanzo cha pili ni chakula. Chenga za mchele na mahindi meupe hushibisha, lakini havina vitamini A. Mpe tetea mchicha au matembele kabla hajaanza kutaga, kwani kifaranga huanguliwa na akiba iliyokuwamo ndani ya yai.

Vipele vyenye magamba kwenye kope huenda ni ndui, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Hauna dawa, kinga yake ni chanjo. Macho yakivimba huku vifaranga wakikoroma, watenge na umwite mtaalamu wa mifugo, kwani huenda ni mafua au mdondo.

Wakati huo, safisha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Kifaranga asiyeona hafiki kwenye chakula wala maji, na akifa, mtaji wa tetea mzima umekwenda.