Je, wajua kompresa hutoa maji hewani?

Chini kabisa ya mtungi wa kompresa, mahali ambapo ni lazima upige magoti ili upaone, pana koki ndogo ya shaba njano. Fundi pancha anayejaza upepo kando ya barabara anayo, mpiga rangi wa gereji anayo, na seremala anayepiga misumari kwa hewa anayo pia. Wengi wao huikumbuka siku inapoanza kuvuja: mluzi mwembamba usiokoma, mshale wa geji unashuka polepole, na mota inajiwasha yenyewe ilhali hakuna anayetumia hewa.

Koki hiyo ipo kwa sababu kompresa, itake isitake, hukusanya maji. Chukua Dar es Salaam au Mombasa, siku ya joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa imebeba takriban gramu 24 za maji yaliyo katika hali ya mvuke usioonekana. Kompresa huivuta hewa hiyo na kuibana mpaka geji isome PSI 120, na hapo inabaki na nafasi kama sehemu moja ya tisa ya ile iliyokuwa nayo. Mwaka 1801 John Dalton, mwalimu wa Manchester nchini Uingereza, alieleza kwamba kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa mahali hutegemea ukubwa wa mahali hapo na joto lake. Wingi wa hewa nyingine iliyosongamana humo haukiongezi. Nafasi ikipungua mara tisa, mvuke unaoweza kukaa humo hupungua mara tisa vilevile. Mtungi ukipoa na kurudi nyuzi 30, gramu tatu na ushei tu ndizo zinazoweza kubaki mvuke. Zile 20 nyingine hazina budi kuwa maji.

Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika hupitisha mita 12 za ujazo kwa saa. Zidisha, utapata karibu robo lita ya maji kwa kila saa ya kazi mfululizo. Hayatui yote mtungini, kwani hewa hutoka ingali na joto na sehemu ya mvuke hupoa ndani ya mpira. Hayo ndiyo matone yanayoruka pamoja na rangi na kuacha vipele kwenye mlango wa gari. Yanayobaki hutuama tumboni mwa mtungi, juu ya chuma ambacho mara nyingi hakikupakwa kitu chochote kwa ndani, huku oksijeni nayo ikiwa imebanwa mara tisa. Kutu haihitaji mazingira mazuri zaidi ya hayo.

Na kutu ndiyo chanzo cha mivujo mingi. Koki ya kawaida ni skrubu yenye ncha iliyochongoka inayokaza juu ya kitako chake cha shaba. Chembe ya kutu ndogo kuliko punje ya mchanga ikinasa hapo katikati, hewa imepata njia. Usidharau udogo wa njia hiyo: katika presha kama hii hewa hupita kwenye ufa kwa kasi ya sauti, na tundu la milimita moja hupoteza zaidi ya lita 50 za hewa ya kawaida kwa dakika. Mtungi mdogo wa lita 24 una takriban lita 200 tu za hewa hiyo. Kwa hiyo mota huwaka, huzima, huwaka tena, na kila inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishashika mwendo. Ndivyo mota zinavyoungua kwa kosa la koki.

Kabla ya kushika spana, tafuta mahali penyewe. Paka maji ya sabuni kuizunguka koki. Mapovu yakitokea kwenye mdomo wake, tatizo ni kitako. Yakitokea pale koki inapoingia mtungini, tatizo ni nyuzi za skrubu.

Kitako kichafu mara nyingi hakihitaji kipuri. Acha presha kidogo tu ndani, ifungue koki kabisa, hewa na maji yafagie uchafu, kisha ifunge kwa vidole. Kwa vidole, nasisitiza. Shaba ni laini, na anayekaza kwa koleo leo anachimba mfereji utakaovuja kesho. Ikiendelea kuvuja, badilisha koki nzima. Chomoa waya wa umeme, toa hewa mpaka geji isome sifuri, na hakikisha koki iko wazi na imenyamaza. Mtungi wa lita 50 uliojaa una nishati ambayo, kwa hesabu ya karatasini, inatosha kuinua gari dogo mita kadhaa kutoka ardhini, kwa hiyo hakuna kufungua nati yoyote ikiwa na presha. Beba koki ya zamani dukani ulinganishe nyuzi. Nyingi ni za robo inchi, ila zipo za aina zaidi ya moja. Zungushia mpya tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili au tatu, ukifuata upande inakokazwa, na uache uzi wa kwanza wazi ili vipande vya tepu visiingie ndani.

Kwa maoni yangu, koki hizi zimewekwa mahali pabaya. Kitu kinachotakiwa kufunguliwa kila siku hakifai kufichwa chini ya tumbo la mashine. Afadhali uweke kiwiko, kipande kifupi cha bomba la chuma, na valvu ya mpini wa robo mzunguko inayofikika kwa mkono bila kuinama. Iwe imeandikwa presha inayozidi ile ya mtungi, na isiwe ya plastiki, kwa sababu bomba la plastiki la maji likipasuka kwa hewa hutawanyika vipande vikali.

Unapomwaga, kinga maji hayo uyatazame. Yakiwa meupe kama maziwa yamechanganyika na oili, basi usiyamwage kwenye udongo. Yakiwa ya kahawia, kutu imeshaanza kazi. Yakitoka na magamba ya chuma, kagua tumbo lote la mtungi kwa maji ya sabuni. Povu likitokea kwenye bati lenyewe, mbali na koki, usichomelee: chuma kilichozunguka tundu hilo nacho kimekwisha kuwa chembamba, na mtungi unaweza kupasuka ukiwa umejaa. Ukishaishiwa hewa, toboa tundu kubwa ubavuni kabla ya kuupeleka kwa wauza vyuma chakavu, ili asiwepo mtu wa kuujaza tena.