Kuunganisha Programu ya Kufuatilia Mtandao na Hifadhidata: Mfano wa Voi

Makala haya yanafafanua jinsi programu inayofuatilia matukio ya mtandao wa kompyuta inavyounganishwa na hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za matukio hayo. Tuchukulie kuwa ofisi moja mjini Voi inafuatilia vifaa vilivyoko Wundanyi na Taveta kwa Zabbix, programu ya Alexei Vladishev wa Latvia iliyotolewa mwaka 2001. Katika faili la mipangilio, fundi huandika anwani ya kompyuta yenye hifadhidata, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila. Moja likikosewa, hakuna kinachohifadhiwa. Mtandao wa Taveta ukikatika hapatabaki ushahidi.

Kosa la hila zaidi, kwa maoni yetu, hujitokeza baada ya muunganisho kufaulu. Zabbix huhifadhi wakati kwa idadi ya sekunde tangu mwaka 1970 ulipoanza, kwa saa za kimataifa. Ukurasa wa kuonyeshea matukio ukiachwa katika saa hizo, tukio la saa nane usiku wa kuamkia Jumanne litasomeka 23:00, Jumatatu. Mlinzi wa zamu aliyeandika “saa nane” daftarini ataonekana mwongo, ilhali hakukosea hata dakika (wala mtambo haukukosea). Tiba ni kuandika majira ya eneo katika mipangilio ya ukurasa huo: Africa/Nairobi.