Mungu si Athumani, ila usilale

Ukimsikia mtu anasema amechacha, usicheke. Mimi nilichacha mpaka panya wa chumbani kwangu kule Mwanza akahama. Kibarua kilikuwa kimeota nyasi, kodi ya miezi mitatu nadaiwa, na mwenye nyumba kila akiona kivuli changu anakohoa. Nikiwapigia washikaji, wa kwanza yuko kikaoni, wa pili yuko msibani, wa tatu hapatikani kabisa. Nikauza redio, nikauza godoro, nauli ikapatikana. Huyoo, Butiama kwa bi mkubwa.

Nilishuka Kiabakari jua linazama, makusudi, ili nifike nyumbani gizani. Aliyewahi kuondoka kwao na mabegi mawili akarudi na kiroba kimoja atanielewa.

Mama hakuuliza kitu. Alisonga ugali wa muhogo na mtama, akatenga dagaa, akasali. "Kula, baba," akaniambia. "Mungu hamtupi mja wake."

Kwa njaa na hasira nikamjibu neno linalonichoma mpaka leo: "Mama, huyo Mungu mbona hatumi hela kwenye simu?" Hakujibu. Alinawa mikono, akaenda kulala.

Sasa pale nyumbani kuna mtamba mmoja, kitu pekee alichoachiwa na marehemu mzee. Usiku ule nikapiga hesabu zangu. Nitamlainisha mama tumuuze, nilipe deni la watu, chenji niiweke kwenye mkeka wa mechi za Jumamosi. Na nikapiga magoti kabisa kuomba timu zangu zishinde. Ndiyo, msomaji, nilimwomba Mungu anisaidie kubeti, halafu nikajiambia hiyo ndiyo imani!

Aliyenizindua ni babu mmoja jirani. Asubuhi alinikuta nimejiinamia karibu na Mwitongo, pale alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Akanielekeza kwa fimbo: "Unamwona huyo? Na yeye alishawahi kurudi hapa hana kazi."

Nilidhani ananifariji tu. Kumbe ni kweli tupu. Mwaka 1955 Mwalimu alikuwa anafundisha Pugu, ana digrii ya Edinburgh aliyoipata mwaka 1952, ana mshahara. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa kupeleka kilio cha Tanganyika, ikabidi achague: ualimu au TANU. Akaacha kazi. Chama chenyewe kilikuwa hakijatimiza hata mwaka na hakina fedha za kumlipa. Akarudi Butiama, na ana mke na watoto wadogo.

Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kusali kwelikweli, lakini hakukaa chini ya mti kusubiri mana. Akakaa na padri wa shirika la Maryknoll akawa anamfundisha Kizanaki kwa malipo, na akafanya kazi ya kutafsiri. Fikiria hilo: msomi wa Uingereza anapata mkate kwa lugha aliyofundishwa na mama yake bure! Baadaye, walipokuwa Dar es Salaam, Mama Maria naye alifungua kiduka, akauza mafuta ya taa. Nyumba ikaenda. Uhuru ukaja mwaka 1961.

Najua utasema Mwalimu aliacha kazi kwa hiari yake na mimi nilitemwa. Sawa, lakini njaa ni ileile.

"Wewe unajua nini?" babu akaniuliza.

Nikafikiri. Kule kiwandani nilikuwa natengeneza mashine za baridi. Nilishasahau kama huo ni ujuzi, kwa sababu nilizoea kuuita kibarua.

Nikaazima bisibisi na koleo, nikaanza kupita dukani kwa watu. Duka la kwanza walinifukuza. La pili walisema watanipigia, na mpaka leo nasubiri simu. La tatu ni la mama mmoja ambaye friji lake la soda lilikuwa kabati tangu Pasaka. Nikalifungua, nikakuta waya umeungua. Saa mbili baadaye likaanza kunguruma. Akanipa elfu kumi na kisado cha dagaa.

Wakati naondoka akaniambia, "Mafundi nawaogopa, wameshanila hela. Nimekuruhusu kwa ajili ya mama yako. Mwaka ule wa njaa aligawana na mimi mihogo yake."

Nilitembea mpaka nyumbani sioni vizuri, na haikuwa vumbi. Nilikuwa nauliza Mungu mbona hatumi, kumbe alishatuma zamani, kwa mkono wa mama niliyemjibu hovyo.

Sitakudanganya kwamba nimetajirika. Nusu ya deni nimelipa, na mwenye nyumba akanitumia meseji fupi: "Asante. Bado nusu." Kuna wiki napata mafriji mawili, kuna wiki sipati hata pasi. Lakini mtamba yupo zizini, na mkeka sijauchana tena.

Kwa hiyo wewe uliyechacha, sali, usiache. Ukisema "amina" nyanyuka, ukaangalie mikono yako inajua nini. Na kama leo una mihogo miwili, mmoja mpe jirani.

Mama nilimwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Nilishasahau, baba. Nawa, ugali unapoa."