Asili ya Firiti za Gatumba

Kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, katika mji wa Gatumba ulio kwenye tambarare ya mto Rusizi, jirani na mpaka wa Kongo, hukaangwa vitu viwili vinavyokaribiana kwa umbo ilhali nasaba zao ni mbalimbali: ndagala, samaki wadogo wa ziwa Tanganyika wenye urefu wa kidole, na viazi ulaya vilivyokatwa vipande virefu, ambavyo wenyeji huviita firiti. Ujirani huo wa samaki na kiazi ndani ya mafuta ya moto ndio kiini cha hadithi mashuhuri ya asili ya chakula hiki, hadithi ya Wabelgiji, walioitawala Burundi tangu 1916 hadi uhuru wa 1962.

Yasemwa kwamba wavuvi wa Namur, mji ulio ukingoni mwa mto Meuse, walizoea kukaanga samaki wadogo, hata mto ulipoganda kwa barafu wakakata viazi kwa sura ya samaki na kuvikaanga badala yake. Mwandishi Jo Gérard ndiye aliyeieneza habari hii, akidai kuisoma katika hati ya 1781 isemayo kwamba desturi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Mwanahistoria Pierre Leclercq ameipinga kwa hoja mbili: kwamba viazi havikufika katika nchi ile kabla ya 1735 hivi, na kwamba mafuta yalikuwa ghali mno kwa maskini kuyajaza chunguni kwa ajili ya kiazi tu. Hoja hii ya pili, kwa maoni yangu, yatosha peke yake, maana firiti haipikwi kwa kupaka mafuta bali kwa kuzamishwa, na mtu wa Namur hakuwa na michikichi kama ile inayostawi Rumonge, kusini mwa Bujumbura, kando ya ziwa. Leclercq mwenyewe aonyesha kwamba firiti zilizaliwa katika vichochoro vya Paris, na kwamba Mjerumani mmoja, Frédéric Krieger, aliyejifunza kuzipika katika barabara ya Montmartre mjini humo mwaka 1842, ndiye aliyezipeleka Ubelgiji na kuzitembeza katika maonyesho ya mji hata mji.

Jina nalo lina safari yake. Neno firiti, lililotoka kwa Kifaransa, limeshika pande zote mbili za mpaka kwa kuwa Kongo nayo ilikuwa chini ya Ubelgiji. Walakini ukishuka ziwani hadi Kigoma, palipotawaliwa na Waingereza, chakula kile kile huitwa chipsi, neno ambalo Charles Dickens alikwisha kulitumia kwa viazi vya kukaanga katika riwaya yake A Tale of Two Cities ya 1859. Wamarekani huviita viazi vya Kifaransa, na wengi husadiki kwamba askari wao ndio waliovipa jina hilo walipovila Ubelgiji katika Vita Kuu ya Kwanza; dhana hiyo ni batili, kwani kitabu cha mapishi kilichochapwa Uingereza mwaka 1856 kilikwisha kuvitaja hivyo.

Kiazi chenyewe si cha Ulaya, ingawa tumekipa nisba hiyo. Kilianza kulimwa katika milima ya Andes, katika Peru na Bolivia za leo, maelfu ya miaka iliyopita, na hata sasa hakijasahau baridi ya kwao: usiku ukiwa wa joto, mmea hustawisha majani na kuacha kujaza viazi chini ya udongo. Kwa hiyo Gatumba, iliyo kama mita 780 tu juu ya bahari, si mahali pa kukilima, bali viazi huletwa kutoka nyanda za juu, kama Bugarama na Mugamba, ambako taasisi ya utafiti wa kilimo, ISABU, hujaribu mbegu zake huko Gisozi.

Kipande kikitumbukizwa katika mafuta ya nyuzi 150 hivi, maji yaliyomo huchemka, na mvuke utokao kwa nguvu huyazuia mafuta kupenya ndani, ilhali wanga huvimba na kiazi kuwa laini. Hapo huopolewa kipoe, kisha hurudishwa katika mafuta ya nyuzi 180 au zaidi. Ganda la nje, likiwa limekwisha kukauka, hupata joto lipitalo lile la maji yachemkayo, ndipo sukari na asidi amino zikutanapo na kuzaa rangi ya dhahabu na harufu ile iwaitayo wapita njia, tendo alilolieleza Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Huku kukaanga mara mbili ndiko Wabelgiji walikokushika na kukuenzi, na kwa hilo wana haki ya kujisifu kuliko kwa hadithi ya Namur.

Mwaka 2002 wataalamu wa Uswidi waligundua kwamba tendo lile la Maillard, likizidi, huzaa akrilamidi, kemikali inayodhaniwa kuleta saratani. Basi, ewe msomaji, osha vipande vyako kwa maji baridi ili kupunguza sukari na wanga wa juu, vikaushe kwa kitambaa, na uviopoe vingali vya rangi ya dhahabu, kabla havijawa hudhurungi.