Urithi au Urithikaji? Tafiti za Mapacha na Maelezo ya Skizofrenia kwa Kiswahili

Makala haya yanajadili neno moja linalotatiza maelezo ya afya ya akili: urithi. Mjini Gisenyi, ambako Kinyarwanda na Kiswahili hupishana sokoni na kwenye mpaka wa Goma, kutamka kwamba skizofrenia ni "ugonjwa wa kurithi" kunaweza kuvunja uchumba. Msikilizaji huelewa kuwa ukoo una kitu ambacho hakina budi kumfikia mtoto, kama shamba. Tafiti za mapacha hazisemi hivyo.

Tuwachukue Gakuru na Gato, majina ambayo Wanyarwanda huwapa mapacha, Gakuru akiwa aliyetangulia kuzaliwa. Wakiwa wa yai moja, jeni zao hukaribia kuwa zilezile. Wakiwa wa mayai mawili, hushiriki takribani nusu, kama ndugu wengine wowote. Jozi za aina zote mbili kwa kawaida hulelewa nyumba moja. Ikiwa basi wale wa yai moja huugua wote wawili mara nyingi zaidi, jeni zinahusika. Ndivyo ilivyobainika Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutokana na daftari la taifa lenye jozi zaidi ya 30,000. Kati ya kila wagonjwa 100 wenye pacha wa yai moja, 33 walikuwa na mwenza aliyeugua pia. Kwa mapacha wa mayai mawili, 7 tu.

Kutokana na pengo hilo watafiti walikadiria mchango wa jeni kuwa asilimia 79, na hapo ndipo wafasiri wengi huteleza. Asilimia hiyo hupima sehemu ya tofauti za uelekeo wa kuugua, baina ya watu wa jamii ile, inayotokana na tofauti za jeni. Haipimi uwezekano wa mtu fulani kuugua. Theluthi mbili ya wenza wa yai moja hawakuugua. Wala haihamishiki hivihivi kutoka Denmark hadi Rubavu. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulikwenda Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini kwa kuwa data za awali za jeni zilitoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kina nyenzo ya kutenganisha dhana hizi. Kauli ya kutendeka hudokeza uwezekano: kitabu husomeka hata kabla hakijasomwa. Napendekeza urithikaji kwa kipimo cha watafiti, urithi ubaki kwa mali na kwa jeni zenyewe. Kwa familia, hata istilahi hiyo haihitajiki. Muuguzi anaweza kusema: "Hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine kwa kuwa ndugu yako anaugua, lakini wengi walio kama wewe hawaugui."